TAHADHARI: "Kozi ya kutengeneza kozi" inayozungushwa Mtwara na Lindi msimu huu wa korosho

Ndugu zetu wa Mtwara, Lindi, Masasi, Newala na Nachingwea, minada ya korosho ikishaanza na malipo kuingia kupitia AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), matangazo ya "jifunze kutengeneza na kuuza kozi mtandaoni" yanajaa kwenye magrupu ya WhatsApp na status. Kutengeneza kozi na kuiuza ni kazi halali, na anayeijua inamlipa. Kinachouzwa kwenye matangazo haya si kazi hiyo.

Mpango unakwenda hivi. Kiingilio cha kwanza huwa kidogo, 10,000 au 15,000, "tuma na ya kutolea", upate darasa la siku tatu kwenye grupu. Darasa lenyewe ni sauti ndefu za hamasa: fulani kajenga, fulani kanunua bodaboda. Siku ya tatu jioni inashuka ofa ya kifurushi kamili, 100,000 au 150,000, wengine hadi 300,000, na unaambiwa inafungwa saa sita usiku. Ukilipa unatumiwa linki ya folda yenye video na PDF, pamoja na "haki ya kuuza upya". Yaani folda ileile unamuuzia mwenzako kwa bei ileile, hela yote yako. Basi, kozi imeishia hapo. Hufundishwi kupanga somo, kurekodi sauti inayosikika, wala kumsaidia mwanafunzi aliyekwama.

Pigeni hesabu. Kila mnunuzi akipata wateja watatu tu, mzunguko wa kumi unahitaji wanunuzi wapya 59,049, na wote wawe wanataka kuuza folda hiyohiyo. Kwenye mji ambao nusu ya contacts zako ziko kwenye magrupu yaleyale, soko linakauka mapema sana. Waliotangulia wanakula, waliofuata wanabaki na folda. Huu ni mfumo wenye sura ya upatu uliovalishwa jina la elimu, na upatu wa aina hiyo umekatazwa na Kanuni ya Adhabu.

Folda ifungueni kwa macho makali. Video nyingi zimechukuliwa kwa watu wengine: kona moja ya picha imefichwa kwa ukungu au stika pale palipokuwa na nembo ya mwenye kazi, sauti imekazwa ikawa nyembamba kidogo ili mitambo isiitambue, na mwalimu anataja bei kwa naira au rupia. Chukua sentensi moja anayoitamka, itafute YouTube, mara nyingi utaikuta video nzima bure. Na hapa kuna hatari ambayo wanunuzi hawaelezwi. Ukiiuza tena, mvunja sheria ni wewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haiangalii kwamba uliuziwa "haki" na mtu ambaye hakuwa nayo. Ukizipandisha YouTube, maonyo matatu ya hakimiliki ndani ya siku 90 yanaweza kufunga chaneli yako, pamoja na kazi zako halali zilizomo.

Kuhusu picha za miamala. Muuzaji anapanga meseji kumi za malipo, moja chini ya nyingine, na watu wanaangalia kiasi tu. Angalieni salio. Kila meseji ya kupokea inaonyesha salio jipya. Salio la meseji iliyotangulia ukijumlisha na kiasi kilichoingia lazima lifike pale, kama hakuna kilichotoka katikati. Nyingi hazifiki. Angalieni pia kumbukumbu namba, maana muamala mmoja una namba yake na haijirudii. Na hata zikiwa za kweli zote, zinathibitisha kwamba watu wamenunua folda. Hazithibitishi kwamba kuna mwanafunzi hata mmoja aliyetengeneza kozi yake akaiuza.

Kuna wanaodai ada ya "kufunguliwa akaunti ya mwalimu Udemy", yaani tovuti ya kuuzia kozi. Msilipe. Kufungua akaunti ya mwalimu na kuweka kozi Udemy ni bure. Udemy wenyewe wanachotaka ni video za angalau dakika 30 kwa jumla, masomo yasiyopungua matano, picha ya ubora wa 720p au zaidi. Mgao nao uko wazi: mwanafunzi akija kwa linki au kuponi yako unabaki na asilimia 97, akiletwa na Udemy wenyewe unapata 37. Anayekwambia "weka kozi, lala, hela inaingia" anakuficha hiyo 37, na anakuficha kwamba kutafuta wateja ni kazi yako. Moodle, ya kuendeshea masomo mtandaoni, ni programu ya bure, Google Classroom ni bure. Kwa kuanzia, grupu la Telegram lenye wanafunzi kumi linatosha kabisa.

Sasa mtu anayefundisha kweli utamjuaje? Mwombe mpangilio wa masomo kabla hujatoa hata mia. Uwe umeandikwa kwa vitendo: baada ya somo la tatu mwanafunzi ataweza kufanya nini ambacho jana hakukiweza. Mfano wa kwetu: kozi ya kudhibiti ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, kwenye mikorosho. Mpangilio mzuri unaanza na kutambua dalili kwenye maua na majani machanga, halafu wakati wa kuanza kupulizia, kuandaa mashine, kujikinga macho na pua, na kukagua shamba baadaye. Kila somo dakika tano hadi nane, jambo moja tu, na mwishoni zoezi: mwanafunzi anapiga picha ya shada la maua la mkorosho wake anatuma, mwalimu anamjibu kama ni ubwiri au la. Jibu hilo ndilo linalomfanya mtu aendelee hadi mwisho. Kozi ya saa mbili za kusikiliza tu, bila zoezi, watu huiacha njiani hata kama mwalimu ni bingwa.

Muulize na mambo ya vifaa, hapo waongo huishiwa maneno haraka. Aliyewahi kurekodi atakwambia sauti mbovu inafukuza wanafunzi kuliko picha mbovu. Atakwambia ununue maiki ya kubana kwenye kola, uiweke kiganja kimoja chini ya kidevu, uzime feni, ufunge chumba chenye mapazia au magodoro, na usirekodi mvua ikigonga bati. Atajua pia kwamba simu ikirekodi 720p inaweza kula MB 60 kwa dakika, kwa hiyo somo la dakika sita linafika MB 360, na mwanafunzi wa Tandahimba anayenunua bando la siku hatalipakua. Ukilibana hadi 360p linashuka kwenye MB 30 hivi. Mwisho mwombe somo moja la mfano lenye sura na sauti yake, na namba za wanafunzi wawili waliomaliza. Akianza kusema "nafasi zinaisha", ondoka.

Wakikuomba picha ya kitambulisho cha NIDA "kwa ajili ya cheti", kataa. Cheti cha grupu hakina uzito wowote, na anayetambua vyuo vya ufundi na vya kati ni NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi. Kama ulishatuma, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoitambua nenda kaifute kwa mtandao husika.

Kwa ambao tayari wametuma hela: pigeni 100 huduma kwa wateja mara moja, mkiwa na kumbukumbu namba. Nafasi ya kuizuia ipo wakati hela bado iko kwenye akaunti ya aliyepokea. Akishatoa kwa wakala kazi inakuwa ngumu. Meseji za kitapeli na namba yake zitumeni 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Nendeni polisi mkachukue RB, namba ya taarifa yenu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa udanganyifu wa aina hii. Msifute chati kwa hasira wala msitoke kwenye grupu kabla ya kuhamisha (export) mazungumzo yote, sauti zikiwemo, na kupiga picha ya orodha ya maadmini na namba zao. Na akitokea mtu inboksi anasema anaweza kukurudishia hela kwa ada kidogo, huyo ni tapeli wa pili, na mara nyingi namba yako kapewa na yule wa kwanza.