Kubadili BIOS za kompyuta 64 bila kupita meza hadi meza: uzoefu wangu na Dell Command | Configure

Ofisi yetu hapa Dar es Salaam ina kompyuta za mezani 64, zote Dell OptiPlex, katika ghorofa tatu. Umeme ukikatika usiku na kurudi, asubuhi zote unazikuta zimezima, maana ndivyo zilivyopangwa kutoka kiwandani kwenye BIOS, programu ndogo inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows. Kubadili mpangilio huo kwa mkono ni kuwasha upya, kubonyeza F2, kutafuta ukurasa wa umeme, kuhifadhi, kisha kuhamia meza nyingine. Nilifanya mashine tisa, jioni ikaisha.

Ndipo nikashusha Dell Command | Configure, programu ya Dell ya kubadili mipangilio ya BIOS kwa amri. Ni ya bure. Waliokaa sana kwenye kazi hii wanaijua kwa jina la zamani, CCTK, na hata leo amri yake ni cctk. Unaibadili BIOS ukiwa ndani ya Windows, kisha mabadiliko yanashika kompyuta ikiwashwa upya. Ila elewa jambo moja: yenyewe haisafiri kwenye mtandao, inahitaji cha kuibeba. Mimi niliituma kwa PowerShell, programu ya Windows ya kuandika amri, kutoka kwenye seva. Skripti (faili la amri) ya Group Policy, njia ya Windows ya kupeleka mipangilio kwenye kompyuta nyingi za ofisi, nayo inafaa. Kompyuta lazima iwe imewaka.

Mpangilio wa kwanza ulikuwa AcPwrRcvry=Last, yaani umeme ukirudi kila mashine irejee hali iliyokuwa nayo. Huu peke yake ulitosha kunifanya niipende programu hii.

Wa pili ulinisumbua siku mbili. Nilitaka kuziamsha kompyuta usiku kwa ajili ya masasisho, nikaweka WakeOnLan=LanOnly, yaani kompyuta ikubali kuamshwa kupitia waya wa mtandao, nikatuma pakiti ya kuamsha, kimya. Nikakagua swichi, nikakagua dreva, hakuna kitu. Kumbe kuna mpangilio mwingine, DeepSleepCtrl, ambao ukiwa umewashwa hukata umeme hadi kwenye kadi ya mtandao kompyuta inapozimwa. Kadi isiyo na umeme haipokei pakiti yoyote. Nilipouweka Disabled, mashine ziliitika usiku uleule. Anayetaka kuamsha kompyuta kwa mbali abadili yote mawili kwa pamoja.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye Secure Boot, ulinzi unaozuia programu zisizoaminika kuanza wakati kompyuta inawaka. Niliiwasha kwenye kompyuta ya uhasibu bila kusimamisha kwanza BitLocker, kinga ya Windows inayofunga data za diski kwa ufunguo. Asubuhi dada wa uhasibu akanipigia: "Kaka, kompyuta yangu inadai namba ndefu, na mishahara inatoka leo." Zilikuwa tarakimu 48 za ufunguo wa uokoaji. Tulikuwa tumezihifadhi kwenye Active Directory, orodha kuu ya watumiaji na kompyuta za ofisi iliyoko kwenye seva, nikamsomea kwa simu mpaka ikafunguka. Tangu siku ile skripti yangu inaanza na Suspend-BitLocker kwa kuwashwa upya mara moja, halafu ndiyo cctk. Nakusihi usiruke hatua hiyo.

Nenosiri la BIOS niliweka mwisho kabisa. Ukishaliweka, kila badiliko linalofuata linadai --ValSetupPwd, yaani uandike nenosiri hilo ndani ya amri, na nenosiri ulilolichapa ndani ya skripti linasomeka na yeyote atakayefungua faili. Folda yangu ya skripti sasa inafunguliwa na watu wawili tu.

Pia usichukue mipangilio yote ya kompyuta moja ukaimwaga kwenye nyingine. Mpangilio wa diski ukihama kutoka RAID kwenda AHCI, njia mbili tofauti za kompyuta kuwasiliana na diski, Windows inaweza isiwake. Chagua vile unavyovihitaji, jaribu kwenye mashine mbili, soma jibu la amri (0 maana yake imefanikiwa), ndipo upeleke kwa wengine.

Kwa ofisi yenye Dell za kikazi naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja naibakiza kwa sababu haigusi kompyuta za makampuni mengine: HP wana BIOS Configuration Utility yao, na Lenovo unazipitia kwa WMI, mfumo wa Windows wa kusoma na kubadili mipangilio ya kompyuta. Tawi letu la Morogoro lina mchanganyiko wa zote tatu, na huko bado naandika skripti tatu tofauti.