Nilipeleka vumbi la chumba cha mwanangu maabara

Mwanangu ana pumu. Kwa miaka miwili nilifagia asubuhi na jioni, nikapulizia dawa ya mende kila pembe, na bado usiku aliamka kifua kimembana. Ndipo nikaagiza kipimo cha vumbi la sakafuni.

Ni kifuko cha kitambaa unachokivisha kwenye mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi. Unafyonza eneo la mita moja ya mraba kwa dakika mbili, unakifunga, unakituma. Nilituma viwili, kimoja cha zulia lake na kimoja cha godoro.

Majibu yalikuja kwa tarakimu tupu, bila neno la maelezo, na hapo naona kampuni imekosea sana. Mzazi mwenye hofu afanye nini na "Der p 1: 14"? Daktari ndiye aliyenifafanulia: hiyo ni protini ya kinyesi cha utitiri wa vumbi, na godoro lilikuwa na mikrogramu 14 kwa kila gramu ya vumbi. Wataalamu walipendekeza 2 kuwa kiwango cha kuanza kuleta mzio, na 10 kuwa kiwango cha kuamsha pumu. Protini ya mende haikuonekana kabisa. Dawa yote ile nilimvutisha mtoto bure, na jambo hilo bado linaniuma.

Kilichonishangaza zaidi ni protini ya paka. Hatujawahi kufuga paka! Kumbe hunata kwenye nguo. Watoto wanaofuga huingia nayo darasani, inatua sakafuni na vitini, wenzao wanarudi nayo nyumbani. Sasa sare anaivua mlangoni, na mwalimu wake amekubali zulia la kona ya kusomea lifyonzwe watoto wakishaondoka.

Zulia la chumbani nimelitoa. Godoro nimelivika kifuniko kisichopenyeza utitiri, na mashuka nayafua kwa maji ya nyuzi 60 kila wiki. Baada ya miezi minne nilipima tena juu ya kifuniko: chini ya 1. Usiku analala.

Ila kipimo hiki hakikuambii mtoto ana mzio wa nini. Hilo lilijulikana kwa kipimo cha ngozi hospitalini, na ningeanza na hicho. Pamoja na dosari zake, kipimo cha vumbi nitakinunua tena hewa ikianza kuwa na unyevu, maana utitiri huzaliana hapo.