Casio fx-991ES PLUS kwa wanaosoma sivili na mazingira: nunua, ila uijue

Wadogo zangu mnaoanza sivili, kila mwaka swali ni lilelile, ninunue kalkuleta gani. Mimi nasema fx-991ES PLUS na sibadilishi. Ile fx-82 ya shule itakusogeza semista za mwanzo basi, haina SOLVE, yaani ile kazi ya kutafuta X kwenye ekwesheni yenyewe, na haidroliki (hesabu za mtiririko wa maji) bila SOLVE ni kujitesa bure.

Mfano mtaro wa mstatili, upana mita 2, n (ukwaruzo wa mtaro) 0.015, mteremko 0.001, maji yanapita mita za ujazo 3 kwa sekunde, tafuta kina. Ukiiweka kwenye Manning, fomula ya maji yanayopita mtaroni, hicho kina kipo kwenye eneo na kipo tena kwenye R (eneo gawanya kwa urefu wa kuta na sakafu vinavyoguswa na maji), hukitoi, kwa mkono utajaribu 0.9, utajaribu 1.2, huku msimamizi anatangaza dakika kumi zimebaki. Humu unaandika ekwesheni nzima ilivyo, kina ndo X, alama ya sawasawa unaitoa kwa ALPHA CALC sio ile ya pale chini, kisha SHIFT CALC, unaipa 1 ya kuanzia, inatulia kidogo inaleta 1.096. Hatua andika lakini, jibu lisilo na njia halina maksi.

Savei (upimaji ardhi) sasa ndo utaipenda. Una tofauti ya northing (kwenda kaskazini) 40 na ya easting (kwenda mashariki) -30, bonyeza SHIFT na kujumlisha upate Pol(40,-30), inakupa umbali 50 na pembe -36.87, ikiwa hasi ongeza 360, bearing yako (pembe kutoka kaskazini) hiyo 323.13, ukitaka digrii dakika na sekunde kuna kitufe chake. Ukiwa na travasi, mistari ya kupimia inayofuatana, ya vituo nane utanikumbuka. Hakikisha tu kuna D ndogo juu ya skrini, ikiwa R umepotea, pembe zote zitakuja kwa radiani.

Upande wa mazingira kazi ipo kwa CALC, unaandika fomula ya BOD (oksijeni inayotumiwa na vijidudu kuozesha uchafu majini) mara moja halafu unabadilisha siku tu.

Inapokwama ni strakcha, hesabu za nguvu kwenye majengo. EQN, sehemu ya kutatua ekwesheni za pamoja, inaishia ekwesheni tatu na matriki inaishia 3 kwa 3, fremu ikiwa na visivyojulikana vinne inabidi upunguze kimoja kwa mkono kwanza. fx-991EX inafika vinne na skrini yake inasomeka vizuri zaidi, ila kwangu mimi hiyo haitoshi kunifanya niongeze hela, maswali mengi ya mtihani hayazidi vitatu na yakizidi hapo utakuwa umeshafika kwenye Excel. Bumu lenyewe la kujikimu mnalijua, bora hiyo hela iende kwenye buti za saiti na fotokopi. Uliza idarani kwenu kwanza zipi zinaruhusiwa mtihanini.

Tatizo lingine feki zimejaa, na duka la bei chee usilipe kabla hujaijaribu. Bonyeza vitufe vyote, kinachokwama rudisha. Ingia MODE 5 (ndo EQN) halafu 4, ekwesheni ya X kipeo cha tatu, weka 1, -6, 11, -6, lazima ije na 1, 2 na 3. Ikileta vingine au MODE 5 haina kitu, mwachie mwenye duka kalkuleta yake.