Hedifoni za waya au za Bluetooth?

Kwa bei ileile ya chini, za waya hutoa sauti bora. Karibu pesa yote huenda kwenye spika. Kwa za Bluetooth pesa hiyo hugawanywa kati ya spika, betri, chipu na kasha la kuchajia, na muziki hubanwa tena kabla ya kurushwa hewani. Gitaa la besi kwenye rumba ndilo litakuonyesha tofauti. Waya hukatika karibu na pini, ila fundi huulehemu. Betri ndogo ikichoka, ndiyo basi. Lakini simu nyingi mpya hazina tundu la pini, lile la milimita 3.5. Anayekimbia au kubanana kwenye daladala achukue Bluetooth. Anayesikiliza ametulia, waya, na MP3 za kilobiti 320 kwa sekunde, si 128 zilizobanwa zaidi.