Filamu Fupi ya Kutisha au ya Upelelezi: Ipi Imfae Mwanafunzi wa Kisumu?

Mwanafunzi wa Kisumu anayepanga filamu fupi ya dakika 5 hadi 10 hujikuta mara nyingi kati ya aina mbili, ya kutisha na ya upelelezi, na uamuzi huo hubadilisha mpango wake wote.

Filamu ya kutisha haidai maneno mengi. Magugu maji yaliyotanda ufuoni Dunga, kando ya Ziwa Victoria, mhusika mmoja na sauti ya kiboko asiyeonekana vinatosha kujenga hofu, kwa kuwa mtazamaji huogopa zaidi kile alichofichwa kuliko kile alichoonyeshwa. Ugumu wake umo katika mwanga na sauti: karibu na ikweta giza huingia upesi baada ya jua kuzama, kwa hiyo kila picha ya machweo lazima ipangwe na kufanyiwa mazoezi mapema, na sauti zirekodiwe kando kwa makini. Kiboko wa kweli, bila shaka, hasogelewi. Mngurumo wake huongezwa wakati wa uhariri.

Filamu ya upelelezi inaweza kupigwa mchana, hata katika soko la Kibuye kwa ruhusa ya wasimamizi wake, ila hudai waigizaji kadhaa na mswada unaopangwa kuanzia ufumbuzi kurudi nyuma, ili kila kidokezo kiwe kimepandwa mahali pake. Washukiwa wakizidi watatu, dakika hizo hazitoshi.

Kwa maoni yangu, anayeanza achague ya kutisha, kwa sababu humlazimu kusimulia kwa picha. Mwenye subira ya kuandika mswada upya na marafiki wanaoigiza vizuri ndiye aijaribu ya upelelezi.