Kochi la paleti nalipenda, aliyeniuzia paleti simsamehe

"Mama, kwani paleti unakula?"

Ndivyo alivyonijibu muuzaji, mbele ya vijana wake watatu, nao wakacheka. Ni mambo ya masika iliyopita lakini nikikumbuka damu inachemka.

Nilitaka kochi la barazani. Fundi mmoja wa Keko alinitajia bei nikahisi ananiuzia kitanda na kabati juu yake, nikaamua kutengeneza mwenyewe kwa paleti, zile za kubebea mizigo zinazouzwa kandokando ya maghala ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Nilikwenda mchana kweupe. Nikachagua tano, moja moja, nikizigeuza kutafuta muhuri. Ukiona HT, mbao zimepashwa joto kuua wadudu, basi. Ukiona MB, zimefukizwa kwa gesi ya methili bromaidi, na hiyo mimi siwezi kumkalisha mtu juu yake. Yenye doa la kitu kilichomwagika nayo niliiweka kando hata kama muhuri ni mzuri, maana hujui ilibeba nini. Haya yote nilimweleza yule kaka kwa upole. "Sawa mama, sawa mama." Nikalipa, nikatoka kutafuta kirikuu, kigari cha kubebea mzigo.

Kurudi, nakuta mzigo umeshatolewa, umepangwa na kufungwa kamba. "Tumekurahisishia kazi, mama." Nikamshukuru, nikawapa vijana na ya soda.

Nilipofungua kamba nyumbani, tatu za juu ndizo zangu. Mbili za chini sijawahi kuziona. Moja ina MB imepigwa wazi kabisa, nyingine imelowa doa jeusi katikati na jua lilipoipata ikaanza kutoa harufu kama dawa ya kupulizia mikorosho. Nikapiga simu. Akasema mbao ni mbao, akakata. Nikarudi kesho yake kwa nauli yangu, nikiwa na picha kwenye simu, na hapo ndipo nikapewa lile neno la kula paleti. Halafu akaongeza kwamba kama sizitaki nizilete mwenyewe, wakati kirikuu kwenda na kurudi ni ghali kuliko paleti zenyewe. Alijua hivyo. Alijua tangu anafunga ile kamba!

Kwa hiyo nilikuwa nimeapa kumwambia kila mtu aachane na paleti. Sasa sijui, kwa sababu zile tatu zimenipa kochi ambalo silibadilishi na la dukani. Mbili nimezibebanisha kuwa kikalio, ya tatu nimeikata katikati ikawa mgongo. Usijaribu kuzibomoa ubao mmoja mmoja. Misumari yake ina mikunjo, haing'oki, na ukilazimisha kwa mtaimbo ubao unapasuka kichwani; nilipoteza mbao nne kabla ya kukubali kuziacha nzima na kukata kwa msumeno tu. Msasa ndiyo kazi yenyewe. Nilipiga siku mbili, mkono ukavimba, lakini hakuna kijiti kitakachomchoma mtu. Miguu ni matofali manne, ili mbao zisiguse ardhi na mchwa wasipate njia rahisi. Jirani alinishauri nipake oili chafu, eti mchwa hawasogei. Hata kama hawasogei, utakalia nguo gani? Nikapaka vanishi mara tatu, juu nikaweka godoro kuukuu la sponji nililolikata na kulishonea kitenge.

Mama yangu alipokuja alikaa hapo tangu alasiri mpaka adhana ya isha. Yeye ni mtu wa kulalamikia mgongo kwenye kila kiti, na siku hiyo hakulalamika. Nilimtazama akiwa amenyoosha miguu, nikasema moyoni kazi hii nitaifanya tena, na aliye na baraza tupu aifanye.

Ila mama akauliza meza iko wapi, aweke kikombe. Meza ilikuwa itoke kwenye zile paleti mbili. Kikombe kikakaa sakafuni. Basi ile hasira ikanirudia yote, maana mtu huyu hakunidanganya kwa kutojua. Nilimwonyesha muhuri kwa kidole, akaitikia kwa kichwa, akasubiri nigeuke. Angeniambia "hizi mbili zimeshalipiwa na mtu mwingine, chukua nyingine" ningeelewa. Ukienda huko usiondoke ulipo mzigo wako hata kwa dakika moja, tangulia kukodi usafiri ndipo uchague. Na akikuita mama kwa sauti tamu, hesabu upya.

Zile mbili bado zimeegemea ukuta wa uani. Kuzichoma siwezi, moshi wake utaingia kwa majirani wenye watoto. Kumgawia mtu siwezi pia, kwa sababu atazitengenezea kiti. Juzi nimempigia tena azifuate mwenyewe. Hakupokea.