Tahadhari: Mashine za mafunzo zinauzwa kama mashine halisi za kushtua moyo

Ndugu zangu, yeyote anayenunulia shule, kiwanda, msikiti au kanisa mashine ya kushtua moyo, yaani ile inayompiga shoki ya umeme mtu aliyeanguka kwa sababu moyo wake haupigi sawasawa, naomba asome haya kabla hajatuma fedha.

Mwezi uliopita kamati ya ukumbi wetu wa mazoezi hapa Dar es Salaam ilinunua mashine hiyo kwa muuzaji wa mtandaoni, kwa bei isiyofika hata nusu ya ile tuliyotajiwa kwingine. Alitaka alipwe fedha zote mapema, akasema mzigo ni mpya kutoka Ulaya, na kweli boksi lilikuja safi. Aliyegundua kasoro ni muuguzi tuliyemwalika atufundishe huduma ya kwanza. Aliiwasha pedi, yaani vile vibandiko vya kifuani, zikiwa bado mezani, hazijabandikwa kwa mtu yeyote, na mashine ikatangaza kwamba shoki inahitajika, tubonyeze kitufe. Mashine halisi ingelalamika kwanza kwamba pedi hazijabandikwa, kwa sababu kupitia pedi hizo ndipo inaposoma umeme wa moyo, na haiamuru shoki mpaka itambue kwamba moyo unatetemeka ovyo au unakwenda mbio za hatari. Alipofungua sehemu ya betri tukakuta betri za kawaida za tochi. Ubavuni, neno la Kiingereza linaloonyesha kwamba kifaa ni cha mafunzo lilikuwa limekwanguliwa kwa wembe, zikabaki herufi mbili za mwisho.

Mashine ya mafunzo ni kifaa halali cha kufundishia. Inaongea na kuwaka taa, ila haina kapasita ya kukusanya umeme, wakati mashine nyingi za kisasa hutoa nishati ya jouli 120 hadi 200 katika shoki ya kwanza ya mtu mzima. Kinachonitisha zaidi ni kwamba haiishii kutosaidia: kila inaposema watu wasimguse mgonjwa, wanaokandamiza kifua wanaacha, wanasubiri shoki isiyokuja, na kwa mtu ambaye moyo wake unatetemeka hivyo, kila dakika bila shoki wala kukandamizwa kifua hupunguza uwezekano wa kupona kwa asilimia 7 hadi 10.

Pedi za akiba alizotuuzia nazo zilikuwa na karatasi ya tarehe mpya iliyobandikwa juu ya ya zamani, na jeli yake imekauka kama ganda.

Kabla ya kulipa, dai picha ya kibao chenye namba ya kifaa, umuulize mtengenezaji mwenyewe kuhusu namba hiyo, na uhakikishe kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba kama kifaa kimesajiliwa. Anayekataa kifunguliwe mbele yako kabla hujalipa, achana naye.

Tumeripoti polisi, simu za muuzaji hazipatikani na fedha haijarudi. Mashine tumeiondoa ukutani na kuiandika kwa rangi nyekundu kwamba ni ya mafunzo, ili mtu akianguka asiwepo wa kuikimbilia.